Kupigania kura bila silaha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Weusi wa Kusini mwa Marekani

Kila mwaka picha za daraja la Selma, Alabama, walikopigwa waandamanaji weusi mwaka 1965, zikianza kusambaa mitandaoni, maswali huja yale yale. Majibu haya yanahusu kampeni za kudai haki ya kupiga kura peke yake. Kususia mabasi, ubaguzi mashuleni na kukaa kwenye migahawa ya wazungu na kukataa kuondoka ni habari nyingine, ingawa waliohusika mara nyingi walikuwa watu wale wale. Utakuta humu foleni, fomu na madarasa ya usiku zaidi kuliko hotuba, maana huko ndiko kazi kubwa ilikofanyika.

Si walikuwa na haki ya kupiga kura tangu utumwa ulipokwisha?

Kwenye karatasi, ndiyo. Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1870, yalikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake au kwa sababu aliwahi kuwa mtumwa. Kwa miaka kadhaa wanaume weusi walipiga kura kweli kweli. Mwaka huo huo wa 1870 Mississippi ilimpeleka Hiram Revels kwenye Seneti, mtu mweusi wa kwanza kukaa humo. Baada ya ulinzi wa jeshi la serikali kuu kuondolewa Kusini mwaka 1877, mambo yakageuka. Magenge ya wazungu yaliua na kutisha wapiga kura, kisha majimbo yakaandika katiba mpya: Mississippi mwaka 1890, Alabama mwaka 1901.

Ukizisoma katiba hizo hutakuta kifungu kinachosema mweusi asipige kura. Ujanja ulikuwa hapo. Ziliweka kodi ya kura na mtihani wa kusoma, halafu zikamwachia afisa mmoja aamue nani amefaulu. Mzungu asiyejua kusoma alipita. Mwalimu mweusi mwenye shahada alianguka.

Mtu alizuiwa vipi hasa? Nieleze kama vile mimi ndiye niliyekwenda.

Tuseme uko Selma, makao makuu ya kaunti ya Dallas, Alabama, mwaka 1963. Ofisi ya uandikishaji imo ndani ya jengo la mahakama na hufunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Unaomba ruhusa kazini (tayari bosi ameshajua unakokwenda), unafika asubuhi, unakuta foleni. Makarani wanachelewa kufungua, wanakwenda chakula cha mchana bila haraka, na jioni mlango unafungwa wakiwa wamehudumia watu wachache. Njoo mwezi ujao.

Ukibahatika kuingia, unapewa fomu ndefu na maswali ya Katiba. Ukikosea nukta, umeanguka. Usipokosea, bado msajili anaweza kusema hujaeleza vizuri. Halazimiki kukueleza kosa lako ni lipi. Tena ulihitaji mpiga kura aliyekwisha kuandikishwa akudhamini, na wapiga kura weusi walikuwa wa kuhesabika: kaunti ilikuwa na watu wazima weusi kama 15,000, na hadi mwanzoni mwa 1965 walioandikishwa hawakuzidi 400. Kaunti jirani ya Lowndes, ambako watu wanane kati ya kumi walikuwa weusi, haikuwa na hata mmoja.

Mississippi iliongeza jingine mwaka 1962: jina la kila aliyeomba kuandikishwa lilichapishwa gazetini kwa wiki mbili. Walisema ni utaratibu tu. Kwa kweli ilikuwa ni kumpelekea taarifa mwajiri, mwenye nyumba, benki na Ku Klux Klan, lile genge la kigaidi la wazungu, wote kwa mpigo.

Fannie Lou Hamer ni nani, na kwa nini anatajwa sana?

Kwa sababu yaliyompata yanaonyesha mtambo mzima ulivyofanya kazi. Alikuwa mkulima katika shamba la mzungu karibu na Ruleville, Mississippi, akilima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Agosti 1962, akiwa na miaka 44, alihudhuria mkutano kanisani, na vijana wa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kama SNCC wakawaeleza waliokuwapo kwamba wana haki ya kupiga kura. Tarehe 31 Agosti alipanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha. Alipewa kifungu cha katiba ya jimbo kinachozungumzia sheria ambazo hazikuandikwa lakini zinafuatwa kwa mazoea, akaambiwa akifafanue. Akaanguka, bila shaka.

Njiani kurudi polisi walilisimamisha basi. Kosa? Rangi yake ni ya njano mno. Faini dola 100, ikapunguzwa hadi 30, abiria wakachangishana. Alipofika nyumbani, mwenye shamba alikuwa ameshapata habari. Akamtaka afute ombi lake au ahame. Jibu la Hamer lilikuwa kwamba hakwenda kujiandikisha kwa niaba yake, alikwenda kwa niaba ya nafsi yake. Miaka 18 ya kazi kwenye shamba lile iliishia usiku ule. Siku chache baadaye nyumba aliyohifadhiwa ilimiminiwa risasi.

Alirudia mtihani, akafaulu Januari 1963. Alipokwenda kupiga kura akaambiwa hana stakabadhi za kodi ya kura za miaka miwili iliyopita. Ni danadana mwanzo hadi mwisho.

Mbona hawakwenda mahakamani tu?

Walikwenda, tena kwa miongo. NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, ilishinda kesi kubwa mwaka 1944, Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta kura za mchujo za wazungu peke yao. Zikaja sheria za haki za raia za mwaka 1957 na 1960, na Wizara ya Sheria ikaanza kuzishtaki kaunti moja moja. Dallas ilishtakiwa mwaka 1961. Kesi ikavuta miaka, na hata amri ilipotolewa, kaunti ilibuni kizuizi kipya. Kwa mwendo ule Kusini yote ingehitaji karne nyingine.

"Bila kutumia nguvu" maana yake walipigwa wakanyamaza?

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, wanaowasifu na wanaowabeza. Kutopigana lilikuwa jambo la kufundishwa na kufanyiwa mazoezi. James Lawson, mchungaji aliyekaa India akajifunza mbinu za Gandhi, aliwafundisha wanafunzi wa Nashville mwishoni mwa miaka ya 1950: wengine walijifanya wazungu wenye hasira, wakawatukana wenzao, wakawatemea mate, wakawavuta vitini. Aliyeshindwa kujizuia alipewa kazi nyingine, kama kuendesha gari au kuchapa barua. Walifundishwa jinsi ya kujikunja ukipigwa ili kulinda kichwa na tumbo, na kwamba umtazame machoni anayekupiga.

Lengo halikuwa kumgusa moyo sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Wachache waliamini hilo, na wengi wa SNCC waliliona ni mbinu zaidi ya imani. Lengo lilikuwa kumweka mwenye mamlaka mahali pabaya: akiruhusu watu waandikishwe, wameshinda, akiwapiga mchana kweupe mbele ya kamera, ameonyesha nchi nzima ile inayoitwa "desturi ya Kusini" inasimama juu ya nini. Kwa hiyo foleni ya watu waliovaa nguo za kanisani, walionyamaza, wenye penseli mfukoni, ilikuwa uchokozi uliopimwa sana.

Nyumbani usiku ilikuwa habari nyingine. Hartman Turnbow, mkulima wa kaunti ya Holmes, Mississippi, alikuwa mmoja wa watu 14 waliokwenda mahakamani Lexington tarehe 9 Aprili 1963 kuomba kuandikishwa. Naibu sherifu alipouliza nani anatangulia, yeye ndiye aliyejitokeza. Mwezi uliofuata nyumba yake ilitupiwa mabomu ya petroli, watu wakafyatua risasi, naye akajibu kwa bunduki yake mpaka wakakimbia. Kesho yake sherifu alimkamata yeye, kwa kosa la kuchoma nyumba yake mwenyewe. Wanakijiji wengi waliowahifadhi vijana wa kampeni walikuwa na bunduki nyuma ya mlango, na vijana hao walilala humo bila kulalamika. Sioni kinyume hapo. Mstari waliouchora ulikuwa kwenye maandamano na foleni: huko hakuna silaha, hakuna kurudisha ngumi.

Ngumi ilirudishwa mara moja moja hata huko. Annie Lee Cooper, mama wa miaka 54, alisukumwa na sherifu Jim Clark kwenye foleni ya Selma Januari 1965, akamgeukia na kumchapa ngumi. Alishikwa na askari kadhaa wakati Clark akimpiga rungu. 

Watu wasiojua kusoma walifanyaje na mtihani?

Walisoma. Ningekuwa na uwezo ningeweka sehemu hii mbele ya Selma katika kila kitabu. Esau Jenkins wa kisiwa cha Johns, South Carolina, alikuwa na basi la kuwapeleka watu kazini Charleston, na safarini aliwakaririsha abiria kifungu cha katiba kilichohitajika. Mama mmoja alitaka ajue kusoma kweli, si kukariri. Basi Januari 1957, kwa msaada wa Septima Clark na shule ya Highlander ya Tennessee, likafunguliwa darasa nyuma ya duka. Septima alikuwa mwalimu aliyefukuzwa kazi Charleston kwa kukataa kuacha uanachama wa NAACP.

Mwalimu wa darasa hilo, Bernice Robinson, alikuwa msusi wa nywele. Walimchagua kwa makusudi kwa kuwa hakuwa mwalimu, hivyo asingewadharau watu wazima. Hakuanza na a, e, i, o, u. Aliwauliza wanataka kujua nini, wakajibu: kuandika majina yao, kujaza fomu ya kuagiza bidhaa kwa posta, kusoma barua za watoto wao, kusoma Biblia. Wakaanzia hapo, wakamalizia kwenye fomu ya uandikishaji. Aliyepita darasa la ngumbaru kwetu atalitambua mara moja. Mwaka 1961 mpango huo ulihamia kwenye shirika la Martin Luther King, na ukafunza walimu wa vijijini Kusini yote.

Mississippi 1964 kulitokea nini?

Wazungu wa Kusini walikuwa wakidai kwamba weusi hawapendi siasa. Novemba 1963 wanaharakati wakaandaa uchaguzi wa kuigiza, wenye masanduku makanisani na kwenye saluni, na watu kama 80,000 wakapiga kura isiyohesabiwa popote. Dai likafa.

Kiangazi cha 1964 Bob Moses wa SNCC na wenzake wakaleta wanafunzi wapatao 1,000 wa kujitolea, wengi wazungu wa Kaskazini. Hesabu yao ilikuwa chungu lakini sahihi: wakiuawa weusi, nchi hailali macho, akiguswa mtoto wa tajiri wa New York, kila gazeti litaandika. Tarehe 21 Juni James Chaney, mweusi wa Mississippi, pamoja na Andrew Goodman na Michael Schwerner, wazungu wa New York, waliuawa kaunti ya Neshoba kwa kula njama na naibu sherifu. Miili ilipatikana tarehe 4 Agosti chini ya udongo wa bwawa. Kiangazi kile watu weusi wapatao 17,000 walijaribu kuandikishwa; waliokubaliwa walikuwa kama 1,600.

Waliofungiwa nje wakaunda chama chao, wakaenda mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Atlantic City mwezi Agosti kudai viti vya Mississippi. Hamer alitoa ushahidi wake mbele ya televisheni. Wakapewa viti viwili tu, wakavikataa.

Kwa nini Selma?

Kwa sababu wenyeji walikuwa wameshalima shamba. Amelia Boynton na mumewe walikuwa wakihimiza uandikishaji tangu miaka ya 1930, na SNCC ilituma watu wake mwaka 1963. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo watu zaidi ya 300 walipanga foleni nje ya mahakama juani siku nzima, wakikatazwa kutoka hata kunywa maji. Vijana wawili wa SNCC walipojaribu kuwapelekea maji na mikate, walipigwa na kuguswa kwa fimbo za umeme za kuswagia ng'ombe, wakatiwa ndani. Ng'ambo ya barabara maafisa wa serikali kuu walisimama wakiandika.

Mwaka uliofuata jaji wa hapo akapiga marufuku mikutano ya watu watatu au zaidi. Wenyeji wakamwita King, naye akafika tarehe 2 Januari 1965. Ilikuwa wazi pia kwamba sherifu Jim Clark hana breki, na waliopanga kampeni walilitegemea hilo.

Kwangu siku kubwa kuliko zote za Januari ni tarehe 22, walimu zaidi ya 100 walipoandamana hadi mahakamani wakiongozwa na mwalimu mwenzao F. D. Reese. Walimu ndio waliokuwa na cha kupoteza: mshahara wao ulitoka kwa bodi ya shule ya wazungu, na kumwaga unga ilikuwa suala la sahihi moja tu. Walitembea na miswaki mifukoni kuonyesha wako tayari kulala jela. Clark akawasukuma chini ya ngazi, wakapanda tena. Wanafunzi walipoona walimu wao wamethubutu, walimiminika mitaani, na jela zikajaa. Mapema Februari King aliandika kutoka jela kwamba weusi waliofungwa pamoja naye ni wengi kuliko walio kwenye daftari la wapiga kura.

Na siku ya daraja?

Maandamano ya kwenda Montgomery, makao makuu ya jimbo la Alabama, yalizaliwa na kifo. Usiku wa tarehe 18 Februari, mji wa Marion, askari wa jimbo alimpiga risasi Jimmie Lee Jackson, shemasi wa miaka 26, akiwakinga mama yake na babu yake. Alifariki tarehe 26. James Bevel, msaidizi wa King, akapendekeza watembee kilomita 87 hadi kwa gavana George Wallace kumuuliza kuhusu kifo hicho.

Jumapili tarehe 7 Machi watu kama 600 waliondoka kanisa la Brown Chapel wawili wawili, mbele John Lewis wa SNCC na Hosea Williams wa shirika la King. Daraja la Edmund Pettus, lenye jina la jenerali wa jeshi lililopigania utumwa, limepinda katikati, hivyo huoni ng'ambo mpaka ufike juu. Walipofika juu wakaona askari wamejipanga barabara nzima, na nyuma yao watu wa Clark juu ya farasi. Waliambiwa wana dakika mbili za kutawanyika. Hazikwisha. Marungu, mabomu ya machozi, farasi. Lewis alivunjwa fuvu, Boynton akaachwa amezimia barabarani. Jioni ile kituo kimoja cha televisheni kilikatiza filamu kuhusu kesi za Wanazi ili kuonyesha mkanda huo.

Tarehe 9 King aliongoza watu hadi darajani, wakapiga magoti, wakasali, wakageuka, jambo lililowakera vijana wengi wa SNCC. Usiku huo mchungaji mzungu James Reeb alipigwa na wazungu, akafa siku mbili baadaye. Jaji Frank Johnson aliruhusu maandamano, na tarehe 21 hadi 25 Machi yakafika Montgomery, watu kama 25,000. Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura tarehe 6 Agosti 1965.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, tena si wa kulazimisha. Medgar Evers, mwanaharakati aliyezuiwa na wazungu wenye silaha kupiga kura kwao Decatur, Mississippi, mwaka 1946 ingawa alitoka kupigania Marekani vitani, alimpa mtoto wake wa kwanza jina la Darrell Kenyatta. Ilikuwa 1953, mwaka Kenyatta alipohukumiwa Kapenguria. Evers aliwahi kuifikiria njia ya Mau Mau, akaishia kuchagua njia ya NAACP. Aliuawa mlangoni pake Juni 1963.

Agosti mwaka huo, jijini Washington, John Lewis alisema kilio cha Afrika cha mtu mmoja, kura moja ni chao pia. Desemba, siku chache baada ya uhuru wa Kenya, Oginga Odinga alipita Atlanta. Vijana wa SNCC wakamtembelea hotelini, wakaimba pamoja, kisha wakaenda mgahawa wa jirani, wakakataliwa huduma na kukamatwa. Wakamtungia wimbo. Mwaka 1964 Lewis alifika Nairobi, akakutana huko na Malcolm X.

Sheria ya 1965 ilibadilisha nini?

Iliondoa mitihani na kupeleka waandikishaji wa serikali kuu kwenye kaunti sugu. Mississippi, kiwango cha watu wazima weusi walioandikishwa kilipanda kutoka chini ya asilimia 7 hadi karibu 60 ilipofika 1967. Clark alipoteza usherifu mwaka 1966. Kule Lowndes wakulima waliunda chama chao chenye alama ya chui mweusi, maana chama cha wazungu wa Alabama kilitumia jogoo (msomaji wa Kenya atacheka kidogo, akikumbuka jogoo wa KANU), na mwaka 1970 mwanzilishi wake John Hulett akachaguliwa sherifu.

Sheria bado inafanya kazi?

Nusu. Kifungu kilichozilazimisha sehemu zenye historia ya ubaguzi kuomba kibali kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi kilipoteza nguvu mwaka 2013, katika kesi iliyofunguliwa na kaunti ya Shelby, Alabama. Mwaka 2021 Georgia ilipitisha sheria iliyokataza kuwagawia maji na chakula wapiga kura walio kwenye foleni karibu na kituo.

Wauaji waliadhibiwa?

Baadhi, na kwa kuchelewa. Muuaji wa Evers alitiwa hatiani mwaka 1994. Kwa vijana watatu wa Neshoba, watu saba walitiwa hatiani mwaka 1967 kwa kula njama, na Edgar Ray Killen akatiwa hatiani mwaka 2005. Walioshtakiwa kwa kifo cha Reeb waliachiwa. Louis Allen, aliyeuawa Januari 1964 baada ya kushuhudia mbunge wa jimbo akimuua Herbert Lee, mkulima aliyesaidia uandikishaji, hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa ajili yake. Askari aliyempiga risasi Jimmie Lee Jackson alikiri kuua bila kukusudia mwaka 2010, akahukumiwa miezi sita.